Waya wa Zamu na Draiva ya Kadi Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa raba ya penseli na ndoo ya kadi. Karakana yetu ilikuwa upande wa Olympic, Kibera, na Fundi Mkuu alikuwa ameketi nyuma ya meza iliyojaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sikupenda watu wazisome, na viatu vya dada yangu.

"Unaitwa nani?"

"Mwende."

"Mwende wa wapi?"

"Kwetu ni Kitui, lakini nimekulia Kawangware, Mzee."

"Basi wewe ni wa hapa tu. Chukua raba. Sugua meno ya hizo kadi mpaka ujione uso."

Meno ni ile safu ya vidole vya rangi ya dhahabu ukingoni mwa kadi, sehemu inayoingia kwenye tundu la kompyuta. Yakishika kutu au mafuta ya mikono, kadi hulala. Raba huyaamsha. Nilisugua tangu asubuhi mpaka saa ya chakula, na nilipomaliza Fundi Mkuu aliinua kadi moja kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaguna. Ilinichukua miezi kujua kwamba lile guno lilikuwa pongezi.

Nawaandikia ninyi mnaoingia karakana sasa, mliokuta meza zenye droo na mashine zinazowaka kabla hamjamaliza kupiga chafya. Mtaniona kituko: nina miaka ishirini na saba na najiita mstaafu. Lakini kazi niliyoishika imeisha kabisa, na sikufukuzwa wala sikuikimbia. Mtu aliyemaliza kazi yake ana ruhusa ya kukaa chini kidogo akaisimulia, hata kama bado ana meno yote.

Zile kadi zilikuwa za mtandao, na zilikuwa nyekundu kama nyanya. Kila mteja alirudia mzaha uleule: "Sasa fundi, unanipa kadi nyekundu na sijacheza rafu?" Zilitoka kwenye ofisi fulani ya mjini iliyofungwa, arobaini na kitu kwa jumla, na kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimeshakufa. Kazi ya kadi ya mtandao ni kupokea na kutuma. Waya wa intaneti unaingia nyuma ya kompyuta, habari zinakuja kwa vifurushi vidogo vidogo, kadi inavidaka na kuvipeleka ndani. Shida ni kwamba kadi na kompyuta hazielewani lugha. Katikati yake lazima kuwe na mkalimani, programu fupi tunayoiita draiva. Kadi nzima isiyo na draiva ni pambo lenye taa.

Draiva ya kadi nyekundu ilikuwa ndani ya mfumo huria tuliotumia, yaani mfumo wa kompyuta ambao msimbo wake, ile mistari ya maagizo inayouendesha, uko wazi kwa mtu yeyote kuusoma na kuurekebisha. Kila draiva kwenye mfumo ule ina mlezi. Jina la mlezi huandikwa kwenye orodha, naye ndiye anayepokea malalamiko, anayetafuta hitilafu, na anayekagua kila kiraka. Kiraka ni rekebisho dogo la msimbo. Mahali pa mlezi wa kadi yetu palikuwa patupu. Aliyekuwepo aliacha zamani na hakuna aliyeuliza alikoenda.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa upande wa ziwa aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio. Ndiye aliyenifundisha kusoma msimbo, na alinifundisha kwa rula. Alichapisha draiva nzima kwenye karatasi, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akaniambia nisiisogeze mpaka nieleze mstari ule unafanya nini.

"Huu unafanya nini?"

"Nadhani unawasha..."

"Usidhani. Kompyuta haibahatishi, na wewe usibahatishe. Soma tena."

Kurasa thelathini zilinichukua misimu miwili ya mvua. Kuna mistari niliyoiota.

Kituo changu cha pili kilikuwa nje ya karakana. Fundi Mkuu alinifanya fundi wa mitaani, nikawa natembelea mashine tulizozigawa Kibera na Kawangware, nikizisafisha na kusikiliza malalamiko. Hapo ndipo nilipokutana na darasa la Mwalimu Nafula.

Mwalimu Nafula alikuwa mama mkubwa wa mwili na wa kicheko, aliyekuwa akifundisha watu wazima kwenye chumba cha mabati ng'ambo ya reli. Wanafunzi wake walikuwa wanawake kumi na wawili. Asubuhi walifua nguo za watu kwenye mitaa ya wenye nazo, alasiri walikuja kusoma na mikono yao bado imekunjamana kwa maji. Hesabu na sayansi walifundishwa kwa video na walimu walio mbali, kupitia tovuti moja ya masomo, wote wakitazama kioo kimoja cha kompyuta yetu. Mwenye bidii kuliko wote alikuwa Mama Brayo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, aliachia shule darasa la saba, na alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka uliofuata ili asomee kazi ya kuhudumia wagonjwa. Aliandika kila kitu anachosema mwalimu wa video, hata "habari za mchana."

Malalamiko yao yalikuwa haya: kila alasiri intaneti inakufa. Taa ya kadi inawaka, waya ni mzima, lakini hakuna kinachoingia. Dawa ilikuwa kuzima kompyuta na kuiwasha upya, na ile mashine ya kizee ilichukua karibu robo saa kuamka. Somo la hesabu lilikuwa limeshapita.

Nilimpelekea Fundi Mkuu habari.

"Saa ngapi inakufa?"

"Kama saa tisa hivi."

"Ni joto. Mabati ya huko saa tisa ni jiko. Wapelekee feni."

Tulipeleka feni. Tukaweka gunia lenye maji juu ya paa. Kompyuta ilipoa vizuri, na saa tisa ikafa ikiwa imepoa.

Basi nikaamua kushinda pale siku nzima, na nikaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenitajia, kwa sababu kwao halikuwa jambo. Intaneti ya ploti ile, yaani ule mstari wa vyumba vya kupanga, iliingia kwa waya mmoja tu, nao waya ulikuwa wa vyumba vitatu: darasa, fundi wa nguo kulia, na kinyozi kushoto. Wote walikuwa na kompyuta zetu. Walikuwa wametoboa mabati ya kuta zote mbili usawa wa meza, wakazungushia soksi ukingo wa kila tundu ili waya usikatwe. Aliyetaka zamu aligonga ukuta mara mbili. Aliyekuwa nao alimaliza alichokuwa akifanya, akauchomoa nyuma ya kompyuta yake, akaupitisha kwenye tundu. Fundi wa nguo akishapata mchoro wa mshono, waya unarudi. Kinyozi akishapata mtindo anaotaka mteja, unarudi. Darasa lilikuwa katikati, kwa hiyo kila safari ya waya ilipitia kwao. Na hawakuwahi kugombana! Walikuwa hata na adabu yake: hugongi mwalimu wa hesabu akiwa anaeleza, ungoje amalize mfano.

Mimi sikuona adabu. Niliona watu wanachomoa waya ovyo. Nikasema moyoni, hapa ndipo penye ugonjwa. Nilichukua swichi karakana, kile kisanduku kinachogawa waya mmoja kuwa njia nyingi, nikawaunganisha wote watatu kwa nyaya zilizopita juu ya kuta, nikaziba yale matundu mawili kwa vipande vya bati, misumari miwili kila kimoja. Juu ya kimoja nikabandika karatasi: USICHOMOE WAYA.

Intaneti haikufa tena. Nilirudi karakana nikitembea kama niliyezindua barabara.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Kwa furaha zangu, bila kumuuliza Fundi Mkuu, nilimwandikia Mlezi Mkuu. Huyu alikuwa mtu wa mbali, sijui hata nchi gani, aliyesimamia draiva zote za mitandao kwenye mfumo ule. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba tulikuwa na tatizo la kadi nyekundu, lakini nimegundua kosa lilikuwa la watumiaji na si la draiva, na nimeshalimaliza.

Alijibu siku ya pili. Nawapa kwa Kiswahili.

"Asante kwa barua. Imenikumbusha kwamba draiva hii bado ipo. Haina mlezi, na kwa miaka mingi hakuna mwingine aliyeandika kuihusu. Napendekeza iondolewe kwenye toleo lijalo la mfumo. Mwenye pingamizi aseme ndani ya wiki nne."

Niliisoma mara tatu. Nikampelekea Fundi Mkuu, naye akavua miwani.

"Mwende. Yaani umeenda kumpigia hodi mtu mwenye panga."

Mambo yalikuwa hivi. Ile tovuti ya masomo ilikuwa imetangaza kwamba baada ya likizo haitafunguka kwenye mfumo wa zamani. Kwa hiyo darasa lilihitaji toleo jipya. Toleo jipya likija bila draiva yetu, kadi nyekundu zote zinageuka mapambo, na kadi nyingine za kuingia kwenye matundu ya mashine zile hazikupatikana popote tulipotafuta. Mama Brayo angebaki na madaftari na mwaka mmoja wa kungoja mtihani, bila mwalimu wa hesabu. Kwa barua yangu.

Niliandika pingamizi siku hiyohiyo. Jibu lilikuwa fupi: "Sawa. Ili ibaki nahitaji mambo mawili. Mtu akubali kuwa mlezi. Na nithibitishiwe kwamba inafanya kazi bila hitilafu."

Kabla sijajibu, umeme ulipotea Kibera, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Swichi ikafuka moshi. Nilipofika darasani siku mbili baadaye, karatasi yangu ilikuwa chini, misumari minne imepangwa vizuri juu ya meza, soksi zimerudi mahali pake, na Mama Brayo ana koleo mkononi.

"Tumefungua madirisha," akasema. "Ulitufungia madirisha yetu bure."

"Na intaneti?"

"Jana saa tisa ilikufa kama kawaida."

Nikakaa kwenye benchi. Nikawaambia yote: barua, panga, wiki nne. Mwalimu Nafula ndiye aliyeongea kwanza, na hakucheka.

"Wewe uliandika ukasema kosa ni letu?"

"Nilisema... mnachomoa sana, Mwalimu."

"Tunachomoa kwa sababu ni zamu. Sasa kompyuta ndiyo itatuambia tuishi aje na majirani?"

Machozi yalinitoka, nami ni mtu wa machozi ya karibu, wanaonijua wanajua. Mama Brayo akanipa kona ya leso yake.

"Acha kulia, msichana wangu. Hata mimi nikikosa hesabu silii kwanza. Narudia nione ni wapi nimekosea. Wewe umekosea wapi?"

Nikafikiri. "Sikuhesabu," nikasema. "Niliona tu mnachomoa. Sikujua ni mara ngapi."

"Basi si tuhesabu?"

Tuliwasha kompyuta upya. Mwalimu Nafula alisimama ubaoni na chaki. Mama Brayo alikaa nyuma ya mashine, akawa anachomoa waya na kuurudisha, na kila akirudisha mimi nafungua ukurasa mmoja kuona kama habari inaingia. Darasa zima likawa linaita kwa sauti.

"Moja!"

"Inaingia."

"Mbili!"

"Inaingia."

Kinyozi akagonga ukuta. "Nyinyi, leo kuna nini? Mnacheza kati kama watoto?"

"Kaa na mkasi wako!" Mwalimu Nafula akamjibu. "Tuko maabara!"

Tulipita kumi. Wanawake walianza kuchoka, mmoja akasema hata ugonjwa wenyewe umeogopa umati. Kumi na nne, inaingia. Kumi na tano, inaingia.

"Kumi na sita!"

Nikabonyeza. Nikangoja. Taa ya kadi inawaka, ukurasa mweupe.

"Imekufa," nikasema.

Tukawasha upya, tukarudia. Ikafa kwenye kumi na sita. Mara ya tatu tulimwacha mwanamke mwingine achomoe, isije ikawa ni mkono wa Mama Brayo. Kumi na sita. Walishangilia mpaka fundi wa nguo akaja mlangoni na futi shingoni kuuliza nani ameolewa.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu, kwa sababu namba ile niliijua. Ilikuwa kwenye ukurasa wa nne wa draiva. Kadi nyekundu ilikuwa na visanduku kumi na sita vya kupokelea, vimepangwa kama duara. Kifurushi kikiingia, kadi inakiweka kwenye kisanduku. Draiva inakichukua, kisha inarudisha kisanduku kitupu ili kitumike tena. Mchezo unazunguka hivyo siku nzima. Nilirudi karakana mbio, nikatoa rula, nikaanza kusoma kuhusu waya unapochomolewa. Fundi Mkuu alivuta kiti akakaa kando yangu. Ilikuwa ukurasa wa ishirini na moja. Waya ukichomolewa, draiva ilitupa kifurushi kilichokuwa nusu njiani, kama inavyostahili. Lakini kisanduku chake haikukirudisha. Kila ukichomoa, kimoja kinapotea. Mara ya kumi na sita, ambayo kwa zamu za darasa huangukia kama saa tisa, hakuna hata kimoja, na kadi inabaki imesimama mlangoni na taa yake, haina pa kuweka kitu.

Aliyeandika draiva alikaa bila shaka mahali ambapo waya huchomekwa siku kompyuta inanunuliwa na kuchomolewa siku inatupwa. Hakuwahi kuwa na jirani anayegonga ukuta.

"Umeona?" nikamuuliza Fundi Mkuu.

Akaguna.

Kiraka kilikuwa mistari mitatu. Barua ya kukipeleka ilinishinda kuliko kiraka. Mlezi Mkuu aliuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: "Marekebisho yanaonekana sawa. Lakini ni katika hali gani mtu huchomoa waya mara kumi na sita kwa siku? Nataka kuelewa kabla sijakubali."

Niliandika jibu lenye maneno makubwa. Nikasema ni mazingira ya majaribio, ni uchunguzi wa ustahimilivu wa kifaa. Niliona aibu, niseme ukweli. Sikutaka mtu wa mbali ajue habari za soksi. Fundi Mkuu alisoma juu ya bega langu.

"Hiyo ni nini umeandika?"

"Nimeipanga vizuri, Mzee."

"Futa. Andika vile iko. Usiwavalishe suti watu wasio na harusi."

Nikafuta. Nikaandika kwamba vyumba vitatu vinatumia waya mmoja kwa zamu, unapitishwa kwenye matundu ya ukutani, anayeutaka anagonga mara mbili, na hakuna anayemgonga mwalimu akiwa katikati ya mfano. Nikaandika pia kwamba mwanzo niliwalaumu watumiaji na kwamba nilikosea.

Alichukua siku tatu, nami zile siku sikula vizuri. Kisha akajibu: "Hayo ni matumizi halali ya waya. Draiva ndiyo iliyokuwa na kosa. Tafadhali jaribuni kiraka kwa kuchomoa mara mia mbili, mniandikie matokeo."

Mia mbili! Darasa liligawana: kila mwanamke kumi na tano, mwalimu ishirini. Walichomoa Jumamosi mchana wakiimba kwaya ya kanisa, kila mtu ya kwake. Ilipofika mia mbili, intaneti ilikuwa inaingia kama bomba lililofunguliwa. Mama Brayo alisema tumpigie mwalimu wa hesabu aone.

Matokeo yalikubaliwa wiki ya nne, zikiwa zimebaki siku mbili. Likabaki jambo la mlezi. Nilitaka Fundi Mkuu aweke jina lake, lakini alikataa, akasema macho yake yameanza kuona mistari miwili penye mmoja. Kwa hiyo niliandika kwamba niko tayari mimi, nikangoja kuulizwa nimesoma wapi. Nilikuwa hata nimetayarisha maelezo ya zile alama zangu. Hakuuliza. Alitaka jina na anwani ya barua pepe tu. Asubuhi yake jina langu lilikuwa kwenye orodha ya walezi, na pale kwenye kiraka, chini ya neno la waliojaribu, aliacha majina yote kumi na matatu niliyomtumia, la Mama Brayo likiwa la kwanza.

Nilimwonyesha kwenye kioo. Aliligusa kwa kidole.

"Wameandika jina langu lote," akasema. "Hata la baba."

Likizo ilipoisha, toleo jipya lilikuja na draiva ndani yake. Mwaka uliofuata Mama Brayo alifanya mtihani. Alama zake hazikuwa za mtu kubebwa juu kwa juu, lakini zilitosha, na sasa anavaa sare ya buluu kwenye zahanati moja upande wa Riruta. Ukienda na homa, yeye ndiye atakayekupima joto, na ataliandika kila neno unalosema.

Kituo changu cha tatu kilikuwa Kawangware 46, kwenye stendi ya matatu za namba hiyo, katika tawi tulilofungua huko, chini ya Madam Msimamizi. Alikuwa mwanamke wa Machakos, mkavu, mwenye saa kubwa mkononi. Nilipomweleza kwamba nina ulezi wa draiva, aliniuliza kama nao unakula. Nikasema unakula muda. Akanipa Ijumaa alasiri.

"Lakini wateja wakiniuliza kwa nini fundi wangu anakodolea macho karatasi, nitawaambia nini, Mwende?"

"Waambie nafua makosa ya draiva, Madam."

"Haya. Fua. Usiache povu."

Ijumaa zile zilikuwa shule yangu. Karibu na tawi kulikuwa na mafundi wa jua kali wanaochomelea mageti, na kila walipowasha mashine yao, vifurushi vilivyopita kwenye waya vilichafuka. Draiva ikiona uchafu mwingi kwa pamoja iliamua waya umekufa, ikafunga. Sikumwambia mtu yeyote asichomelee. Nilikaa na mchomeleaji nikipima anavyofanya kazi, nikaona hashiki moto zaidi ya dakika moja bila kupumzika, nikaifundisha draiva kungoja kidogo kabla ya kukata tamaa. Kiraka kingine kilikuwa cha kadi kusahau anwani yake umeme ukirudi ghafla. Viraka kumi na kimoja kwa jumla, hakuna hata kimoja kinachozidi nusu ukurasa. Kila kimoja kina mtu nyuma yake, na ninaweza kuwaambia alikuwa anafanya nini siku intaneti ilipomkatikia.

Kadi zenyewe zilizeeka. Mashine mpya zilikuja, moja moja, na kila kadi nyekundu iliyotoka niliiandika tarehe daftarini. Mwaka huu zikabaki mbili, kisha moja, ya yule kinyozi. Alikataa kuitoa mpaka mashine yake mpya iwe imeonyesha mechi nzima bila kukwama.

Basi nikafahamu kwamba kazi ya mwisho ya mlezi ilikuwa yangu pia. Draiva isiyo na kadi ni mzigo kwa wanaobeba mfumo. Kila toleo lazima mtu aipige jicho. Mimi niliyelia ili isifutwe ndiye niliyepaswa kuomba ifutwe. Kabla ya kuandika nilichukua daftari nikatembea wiki mbili: Olympic, ng'ambo ya reli, Kawangware 46, Riruta. Kila mlango niliuliza kama kuna kadi nyekundu imebaki inafanya kazi. Wengi walinipa chai. Mwalimu Nafula, ambaye sasa ana vyumba viwili na waya kila meza, alinishika mkono akaniuliza kama inaniuma.

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo ni sawa," akasema. "Kunywa chai."

Kwenye maombi ya kufuta draiva kuna sehemu ya sababu. Watu huandika maneno mawili, haina watumiaji. Mimi niliandika: "Nimewauliza wote, mmoja mmoja, kwa miguu. Hakuna anayeachwa nyuma."

Mlezi Mkuu alijibu siku hiyohiyo. Alikubali ombi. Kisha akaongeza kwamba katika kazi yake amefuta draiva nyingi, na hajui ni wangapi waliamka asubuhi wakakuta taa inawaka na hakuna kinachoingia. Kwa hiyo amebadilisha utaratibu. Anayeomba kufuta draiva yoyote, popote duniani, sasa anakuta mstari mpya ambao lazima aujaze kabla ombi halijapokelewa: Umemuuliza nani?

Mkifika siku ya kufuta kitu, mtaukuta hapo, mtupu, unawangoja. Ujazeni kwa majina.